Kuendesha Ukiwa Umesimama: Niliyojifunza kwenye Baiskeli Zisizo na Siti

Siti ya baiskeli hubeba uzito wa mwendeshaji, na wengi huishia hapo kuifikiria. Ina kazi nyingine ambayo sikuijua hadi nilipoanza kuendesha baiskeli isiyo nayo: ndiyo inayokuambia chombo kimelalia upande gani. Ukiwa umekaa, nyonga zako zimeshikana na fremu. Baiskeli ikiinama kidogo kushoto, mwili unajua kabla ya macho. Ukitaka kukata kona taratibu, unaisukuma kwa paja, usukani hata hujaugusa. Siti ikiondoka, habari zote hizo hupitia nyayo na viganja peke yake, na mwili huchukua muda kuzoea kuzipokea huko.

Nazungumzia baiskeli zilizobuniwa hivyo tangu kwenye karatasi ya mchoraji. Nimeendesha za aina tatu. Kuna ile ya hatua ndefu, ambayo mguu hauzunguki duara bali hupita njia ndefu iliyobonyea, mbele na nyuma, karibu na hatua ya mtu anayekimbia. Kuna ya trials, ya kupandia mawe na magogo. Na kuna ya magurudumu matatu inayoongozwa kwa kuegemea. Ile ya hatua ndefu ndiyo ninayokwenda nayo kazini, na ndiyo nitakayoisema zaidi, kwa sababu nyingine mbili nimezipanda kama mwanafunzi na hii nimeishi nayo.

Kilichonifikisha huku ni goti. Nilikuwa mkimbiaji, si wa mashindano makubwa, lakini kukimbia alfajiri ndiko kulikoniweka sawa kichwani, na goti la kulia lilipoanza kuuma nyuma ya pia, kile kifupa cha mbele ya goti, kila nikishuka ngazi niliona maisha yangu yanabadilika. Mtaalamu wa viungo aliyenihudumia alinieleza kwamba goti langu lilihitaji kazi, ila kishindo kipungue. Mkimbiaji anapotua, mguu mmoja hupokea nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wake wote, na hilo hujirudia maelfu ya mara katika mazoezi ya asubuhi moja. Nikahamia baiskeli ya kawaida. Goti lilitulia, lakini msamba ukawa unakufa ganzi kila nilipokaa muda mrefu.

Ganzi hiyo inajulikana vizuri. Pua ya siti hubana neva na mishipa ya damu inayopita msambani. Marekani kuna taasisi ya usalama na afya kazini iitwayo NIOSH, ambayo iliwafuatilia polisi wa doria za baiskeli waliopewa siti zisizo na pua kwa miezi 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha ganzi imepungua sana. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni ganzi peke yake, namshauri kwanza atafute siti inayolingana na mifupa ya makalio yake na airekebishe kimo na mwelekeo. Ni njia fupi na inatosha. Mimi nilikuwa na la ziada: nilitamani kukimbia.

Tamaa hiyohiyo ndiyo iliyozaa baiskeli ya hatua ndefu. Bryan Pate, Mmarekani aliyekuwa akishiriki mashindano magumu ya triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia), aliumia magoti na nyonga hadi kukimbia kukamshinda. Akaungana na mhandisi Brent Teal, na huko California wakaunda ElliptiGO, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010. Tangu hapo wakimbiaji wengi wameitumia kuongeza mazoezi bila kuongeza kishindo. Mmoja wao ni Meb Keflezighi, Mmarekani mzaliwa wa Eritrea, aliyeshinda Boston Marathon mwaka 2014 akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 39. Habari hiyo ilinipa moyo kuliko tangazo lolote.

Chini ya kila mguu kuna bamba la kukanyagia lililofungwa juu ya mkono mrefu wa chuma chepesi. Ncha moja ya mkono huo imeshikwa na krenki, kile chuma kinachozungusha cheni, karibu na gurudumu la nyuma, na nyingine hubingirika kwa kigurudumu juu ya reli fupi iliyo kwenye fremu. Krenki inazunguka, reli inanyoosha mwendo, na mguu unapata hatua badala ya duara. Cheni inapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma, na kwenye aina niliyo nayo gia zimefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Urefu wa hatua hurekebishwa kwa kusogeza mikono hiyo kwenye krenki, kuanzia kama sentimeta 40 hadi 63. Magurudumu ni ya inchi 20, na mhimili wa usukani unapanda juu hadi kifuani.

Kuondoka ndiko kunakowapa wageni shida kubwa. Kwenye baiskeli ya kawaida unakaa, unaweka mguu mmoja chini, unakanyaga, basi. Hapa hakuna pa kukaa kusubiri. Unashika breki zote mbili, unaweka mguu mmoja kwenye bamba lililo chini na mbele, unaachia breki, unasukuma ardhi kwa mguu wa pili, na chombo kikishaanza kubingirika ndipo unaupandisha. Kinachotisha ni ule muda mfupi ambao mguu wa pili uko hewani na bado hujaliona bamba lake. Dawa yake ni kutolitazama. Ukiinamisha kichwa kutafuta bamba, mabega yanainama, usukani unapinda, na mguu unarudi ardhini. Ukitazama mbali mbele, mguu unajua wenyewe pa kutua. Kusimama ni kinyume chake: unapunguza hadi mwendo wa kutembea, unahamishia uzito wote mguu mmoja, na ule mwepesi unashuka pembeni na nyuma kidogo ya bamba. Ukishuka mbele yake, bamba litakukumbusha kwa kukupiga kisigino.

Siku za mwanzo baiskeli hii huyumba. Ilivyo kwa magurudumu madogo na mhimili mrefu, usukani ni mwepesi na kila wasiwasi wa mkono hufika barabarani. Nilisaidika sana nilipoelewa kinachoisimamisha baiskeli. Wengi huamini ni mzunguko wa magurudumu. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi, ambayo athari ya mzunguko wa magurudumu ilikuwa imebatilishwa, na gurudumu la mbele halikufuata nyuma ya mhimili wa usukani kama ilivyo kawaida. Iliposukumwa na kuachiwa bila mtu, bado ilijisimamisha yenyewe. Uzito wake ulikuwa umepangwa kwa namna ambayo kila ilipoanza kuanguka, usukani uligeukia upande wa anguko na kuirudisha. Mwendeshaji naye hufanya hivyohivyo bila kujua. Basi kazi ya mikono ni kuuacha usukani ugeuke kidogo inapobidi, na mtu anayeukaba kwa nguvu anaizuia baiskeli isijiokoe.

Tena kusimama kuna faida ambayo watu hawaitegemei. Jaribu kusimamisha kijiti kifupi juu ya kidole, kisha jaribu fimbo ndefu: fimbo ni rahisi zaidi, kwa sababu kitovu chake cha uzito kiko juu na huanguka polepole, hivyo mkono unapata nafasi ya kuifuata. Mwendeshaji aliyesimama ni fimbo ndefu. Hofu inatokana na kuona ardhi iko mbali, lakini muda wa kurekebisha kosa umeongezeka. Nilipolikubali hilo, mabega yakalegea, na mayumbo yakaisha karibu yote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema, nalo ni gia. Aliyezoea kukaa amefundishwa kutumia gia nyepesi na kukanyaga harakaharaka ili kulinda magoti. Ukiwa umesimama, gia nyepesi inakunyima pa kuegemea. Uzito wako wote uko kwenye bamba, bamba halina upinzani, unadidimia nalo, mwili unapanda na kushuka bila faida na pumzi inakatika. Gia nzito kidogo inalifanya bamba likubebe. Unaegemea, linashuka kwa kiasi, na mguu wa pili unakuwa umeshafika juu kupokea zamu. Mwendo wa miguu unakuwa wa polepole kuliko wa aliyekaa, na kichwa kinabaki kwenye usawa mmoja. Mimi hujipima kwa kuangalia kivuli changu ubavuni jua likiwa chini: kichwa cha kivuli kikinyanyuka na kushuka, naongeza gia moja.

Mlimani mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Watu hushuka gia mapema kabla mlima haujaanza, kisha wanajikuta wakichapa hatua fupi za haraka mahali pasipohitaji. Nasubiri hadi bamba lianze kukataa, ndipo napunguza moja, si tatu. Kwenye mwinuko mkali ninasogeza nyonga mbele kuelekea usukani, kwa sababu barabara imeinuka na mwili ukibaki ulipokuwa uzito unarudi nyuma. Hatua ndefu inafurahisha tambarare. Kwa wanaoishi kwenye vilima, nashauri waifupishe. Niliporudisha yangu kwenye kipimo cha kati, mapaja yalinishukuru kwenye mwinuko wa kwanza.

Mikono ndiyo inayosema ukweli kuhusu mkao. Mtu akichoka miguu huanza kujiegemeza kwenye usukani bila kujua, na dalili ni maumivu ya vifundo vya mikono na ganzi ya kidole kidogo na cha pete. Ninapoendesha huwa nafungua vidole vyote, nikibakiza viganja vikigusa tu. Nikiona siwezi kuvifungua bila kuinama mbele, najua uzito umehamia mahali pasipo pake. Masikio yanapaswa kuwa juu ya mabega, mabega juu ya nyonga, na nyonga juu ya nyayo, kama mkimbiaji mzuri anavyofundishwa.

Nyayo nazo zina mambo yake. Kwenye baiskeli ya kawaida siti, pedali na usukani hugawana uzito, na hapa nyayo zinabeba karibu wote muda wote. Mwanzoni vidole vya miguu vilikuwa vinakufa ganzi, hasa cha pili na cha tatu. Sababu mojawapo ni kwamba kisigino hakiinuki kama unavyotembea, hivyo sehemu ileile ya unyayo inabanwa mfululizo. Nilijifunza kusogeza mguu nusu wayo mbele au nyuma kila baada ya muda, kuinua kisigino kwa makusudi wakati bamba linaporudi nyuma, na kulegeza kamba za viatu sehemu ya vidole huku nikizikaza juu kwenye kifundo. Viatu vya mbio vyenye soli laini sana ni vizuri kwa kukimbia na si vizuri hapa, kwa sababu mguu unazama na kufanya kazi ya bure ya kujisawazisha. Soli ngumu kiasi, iliyo pana, inafaa zaidi. Mwenye maumivu ya utando wa chini ya unyayo au ya kano ya kisigino azungumze kwanza na mtaalamu wake, maana baiskeli iliyomwokoa mwenye goti inaweza kumuongezea yeye mzigo palepale panapouma.

Kupumzika ni ujuzi, na ndio ujuzi ulionichukua muda mrefu kuliko yote. Aliyekaa hupumzika kila anapoacha kukanyaga. Aliyesimama akiacha kukanyaga, mapaja yake bado yanamshikilia. Siri iko kwenye mifupa. Ukiserereka, weka mabamba yote mawili kwenye kimo kimoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha nyoosha magoti karibu yote bila kuyafunga kabisa, nyonga zikae juu ya nyayo. Hapo mifupa inabeba, na misuli inabaki na kazi ndogo ya kusawazisha. Goti likifungwa kabisa, shimo la kwanza litapiga moja kwa moja hadi kiunoni. Ukishuka mteremko mrefu, badilisha mguu ulio mbele, kwa sababu wa nyuma huchoka haraka kwenye shavu la mguu. Nilipokuwa sijui hili, mteremko ulikuwa unanichosha kuliko mlima, na sikuelewa kwa nini.

Mashimo sasa ninayapita kwa raha ambayo sikuwa nayo nikiwa nimekaa. Kwa aliyekaa, mshtuko unapanda kwenye uti wa mgongo. Aliyesimama ana viungo vitatu vya kuumeza: kifundo cha mguu, goti na nyonga. Ukiona tuta, unakunja magoti kidogo kabla, unaiacha baiskeli ipande kukuelekea, kisha unanyoosha miguu inaposhuka. Kichwa hakisogei. Tahadhari iko kwenye gurudumu lenyewe: la inchi 20 linaingia kwa kina zaidi kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu juu, kwa hiyo mashimo yenye kingo kali nayakwepa kabisa.

Breki zinahitaji heshima. Uzito wako uko juu, na unapofunga breki kwa ghafla uzito huo unataka kuendelea mbele kupita gurudumu la kwanza. Kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu ndivyo gurudumu la nyuma linavyowahi kuwa jepesi. Unapovuta breki, sukuma nyonga nyuma na chini, kunja magoti, nyoosha mikono. Nilifanya zoezi hilo kwenye uwanja mtupu mara nyingi hadi likawa halihitaji kufikiri, na gari lililofungua mlango mbele yangu siku moja lilinikuta niko tayari. Kuonyesha ishara kwa mkono nako kujifunzwe mahali pa wazi. Ukiinua mkono mmoja, umebakiwa na sehemu tatu tu za kugusana na chombo, na moja kati yake ndiyo usukani mwepesi. Naonyesha ishara mapema nikiwa naserereka, narudisha mkono, ndipo nageuka.

Upepo ndio gharama yake kubwa, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Mwili uliosimama wima una eneo kubwa la kupingwa na hewa, na nguvu ya kuisukuma hewa hupanda haraka sana mwendo unapoongezeka: ukiongeza mwendo maradufu, unahitaji karibu mara nane ya nguvu ili kushinda upinzani wa hewa. Mwendesha baiskeli ya mbio aliyeinama, mwenye nguvu sawa na zangu, ataniacha tambarare na sina la kufanya. Moyo nao hupiga zaidi ukiwa umesimama kuliko ukiwa umekaa kwa mwendo uleule, hasa mwendo ukiwa wa pole, maana misuli mingi inafanya kazi ya kukushikilia tu. Kwa mtu anayetafuta usafiri wa masafa marefu kwa nguvu kidogo, siti ni uvumbuzi bora na asiiache. Kwa mimi niliyekuwa natafuta mazoezi ya kukimbia bila kishindo, hasara hiyo ndiyo faida: dakika zilezile barabarani, kazi zaidi mwilini.

Kwenye foleni ya magari nimepata zawadi nyingine. Macho yangu yako juu ya mapaa ya magari madogo. Naona taa zinabadilika, naona mtu anayetaka kuvuka kati ya magari mawili, na madereva nao wananiona kichwa na mabega hata wakiwa wamezibwa na gari jingine. Sijawahi kujisikia naonekana hivyo kwenye baiskeli nyingine yoyote.

Ya trials ilikuja kwangu kupitia mpwa wangu, kijana anayeshinda jioni nzima akiruka juu ya mbao na matofali nyuma ya nyumba yao. Baiskeli yake ni fupi, fremu imelala chini kabisa, na mahali pa siti hakuna hata tundu. Mchezo huu ulikulia Catalonia, nchini Hispania, kati ya watu wa pikipiki za trials. Pere Pi, aliyekuwa dereva mashuhuri wa pikipiki hizo, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kuchezea michezo ileile, na Ot Pi akaja kuwa bingwa wa dunia. Leo shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lina mashindano ya magurudumu ya inchi 20 na ya inchi 26. Mchezaji anapita kwenye vizuizi bila kugusa ardhi kwa mguu, na siti ingekuwa kikwazo tu: anaporuka, baiskeli inapanda hadi mahali ambapo siti ingekuwa, na kama ingekuwepo ingempiga tumboni au kumzuia kukunja miguu.

Alinifundisha kitu kimoja ambacho nimekipeleka kwenye safari zangu zote. Alinisimamisha juu ya baiskeli bila kusogea, breki zote zimefungwa, pedali ziko sawa, gurudumu la mbele limegeuzwa kidogo. Nikawa naanguka kushoto, kulia, kushoto. "Mjomba, usipigane nayo," akasema, "baiskeli ikienda kushoto, wewe nenda kulia kwa nyonga. Mabega yaache." Hapo nilikuwa nimeelewa kwa mara ya kwanza kwamba mimi na chombo ni vitu viwili. Aliyekaa anainama pamoja na baiskeli. Aliyesimama anaweza kuiinamisha baiskeli huku yeye akibaki wima, au kinyume chake, na kwenye barabara yenye mchanga au maji uhuru huo unakuokoa. Naiweka baiskeli wima zaidi, nauegemeza mwili upande wa ndani wa kona, na tairi linashika.

Ila baiskeli ya trials si ya kusafiria. Mpangilio wa kawaida wa zile za inchi 20 ni meno 18 mbele na 12 nyuma, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 2.4 tu. Baiskeli ya mjini kwa gia ya kati hupita mita 5. Mpwa wangu akija kwetu huja akiisukuma kwa mkono.

Ya magurudumu matatu, Halfbike, nimeipanda ya kuazima. Ilibuniwa Bulgaria na Martin Angelov na Mihail Klenov, na watu wengi waliijua mwaka 2014 ilipochangiwa fedha kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishia miradi. Ina gurudumu kubwa mbele chini yako, viwili vidogo nyuma, na badala ya usukani wa kawaida ina mpini mmoja unaosimama mbele ya kifua. Mpini huo hauzunguki. Chombo unakigeuza kwa kuinama mwili mzima. Mikono yangu iliyozoea usukani ilikuwa inataka kugeuza kila dakika, na ilinibidi niiachie kazi nyonga na miguu. Inafurahisha sana, inachosha haraka, na naiona inafaa zaidi kwa mazoezi ya kuchezea kwenye eneo pana kuliko kwa barabara yenye magari.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Wajerumani wawili walitoa mwaka 2012 wazo la baiskeli iliyoitwa Fliz, isiyo na siti wala pedali, ambayo mwendeshaji ananing'inia kwa mikanda chini ya fremu na kukimbia kwa miguu yake ardhini. Naielewa hamu iliyowatuma.

Nina ombi moja kwa wasomaji, hasa wazazi. Msing'oe siti ya baiskeli ya kawaida ili kupata hii. Watoto wengi hujifunza wakiwa wamesimama kwa sababu siti iko juu mno, kwa hiyo wazo linaonekana la kawaida. Lakini bomba la siti likibaki wazi ni chuma chenye ncha kinachokungoja chini yako, na mguu ukiteleza kwenye pedali linaweza kukujeruhi vibaya mno. Fremu yenyewe imepangwa kwa mtu aliyekaa: pedali ndogo, usukani uko chini na mbali, hivyo ukisimama safari nzima mgongo utabaki umekunjwa. Baiskeli iliyobuniwa bila siti haina kitu chochote kati ya miguu yako kwa sababu mtu aliifikiria anguko kabla wewe hujaanguka.

Kwa anayetaka kununua ya hatua ndefu iliyotumika, kuna mambo ya kutazama ambayo muuzaji huenda asiyataje. Pitisha kidole kwenye reli zinazobingirishia vile vigurudumu vidogo. Zikiwa na mikwaruzo ya kina au vumbi gumu lililogandamana, utasikia mlio wa kugonga kila hatua, na vigurudumu vitakuwa vimekwisha upande mmoja. Mimi hupangusa zangu kwa kitambaa kikavu kila baada ya mvua, na situmii mafuta juu ya reli kwa sababu yanakamata mchanga. Shika mkono mmoja wa chuma na uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, beringi zimechoka. Simama juu ya mabamba mtu akiwa ameishika baiskeli, ubonyeze kwa uzito wako wote huku ukisikiliza. Kagua kiungo cha kukunjia mhimili wa usukani, maana ndicho kinachobeba mikono yako, na kikilegea hata kidogo usiondoke nayo.

Upime pia mlango wako na ngazi zako. Ni ndefu kuliko baiskeli ya kawaida na ina uzito wa kilo 18 au zaidi, haiingii kwenye kila lifti, na sehemu nyingi za kuegeshea haziipokei. Taa ya nyuma, ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye bomba la siti, itabidi uitafutie pengine. Yangu ninayo mbili, moja kwenye fremu juu ya gurudumu na nyingine kwenye kofia ngumu. Mzigo nao usiubebe mgongoni ukiwa mzito, kwa sababu unainua kitovu cha uzito na kila breki itakusukuma mbele. Kikapu cha mbele kilichofungwa kwenye fremu, si kwenye usukani, kinabeba nguo zangu za kazi na chakula cha mchana bila kuugusa mwendo.